Mji wa Lindi na Hatari za Pepo, Mvua na Bahari

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee wa mitaa, viongozi wa vijiji na walimu

 

Nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa siku nyingi za mwaka hatulifikiri, yaani hatari zinazoujia mji wa Lindi kwa njia ya upepo, mvua na bahari. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Sikuja kumfundisha mvuvi habari za maji, wala mkulima habari za mawingu. Nimekuja na tarehe chache zilizoandikwa, na maana ya tarehe hizo, ili tuzitazame pamoja kisha tuone yatupasayo kufanya.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Mji wetu umekaa kando ya ghuba, karibu na mlango wa mto Lukuledi. Mbele yake, ng'ambo ya maji, ni Kitunda. Nyuma yake ni vilima. Ghuba hii ndiyo iliyowaleta wenye majahazi tangu zamani, kwa kuwa chombo hupata humo kimbilio. Walakini mahali panapofaa kwa bandari si lazima pafae kwa kila nyumba. Mvua ikinyesha juu ya vilima, maji hushuka kwa haraka kuutafuta ufuko. Mvua ikinyesha mbali katika nchi ya bara, upande wa Masasi, Lukuledi huyakusanya maji yale na kuyaleta kwetu. Na bahari nayo, siku za bamvua, hupanda yapata mita 3 au zaidi kuliko ilivyokuwa wakati wa kupwa. Basi mji wetu una maji pande tatu: yatokayo juu, yatokayo bara, na yatokayo baharini. Yakija moja moja twayaweza. Hatari kubwa ni siku yakutanapo.

Sasa nitataja habari za vimbunga, kwa kuwa ndizo zinazosahaulika upesi kuliko zote.

Kimbunga si upepo mkali tu. Ni upepo unaozunguka kama pia, mwenye nguvu zitokazo katika joto la bahari. Wataalamu wasema ya kwamba bahari hupaswa kuwa na joto la nyuzi 26 na nusu hivi au zaidi ndipo kimbunga kipate chakula chake. Tena, kuzunguka kwake hutokana na kuzunguka kwa dunia yenyewe, na nguvu hiyo ni ndogo sana karibu na mstari wa Ikweta. Ndiyo sababu Mombasa na Lamu hawana desturi ya kuona vimbunga, na Madagaska na Msumbiji huviona mara kwa mara. Sisi wa Lindi tuko nyuzi 10 hivi kusini ya Ikweta. Hatuko katikati ya njia yao, wala hatuko nje ya njia kabisa. Tumekaa ukingoni. Na kisiwa kikubwa cha Madagaska husimama kama ukuta na kutukinga na vingi, lakini ukuta ule hauzuii vinavyopita kaskazini yake.

Mtu akaaye ukingoni hupatikana na hatari mara chache, na kwa sababu hiyo husahau. Sikilizeni miaka yenyewe.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Zamani hizo Sultani Barghash bin Said alikuwa katika miaka ya mwanzo ya kutawala. Merikebu zake na majahazi ya wafanya biashara yalivunjika bandarini, nyumba zilianguka, minazi iling'oka, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa cha Unguja iliangamia. Kisiwa cha Pemba kilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu hata leo. Hivyo upepo wa siku moja uligeuza mali ya visiwa viwili kwa zaidi ya miaka mia.

Ikapita miaka 80 kamili. Tarehe 15 Aprili 1952, yaani siku ile ile ya mwaka, kimbunga kingine kilipiga pwani ya kusini, na safari hii ilikuwa zamu yetu, mji wa Lindi. Habari zilizoandikwa zataja ya kuwa watu 34 walikufa.

Ikapita tena miaka 72. Mwanzo wa mwezi wa Mei 2024 kimbunga kiitwacho Hidaya kilitokea katika bahari, mashariki ya pwani yetu. Kwa lugha yetu hidaya ni zawadi, lakini zawadi ile hakuna aliyeitaka. Vyombo vya baharini vilizuiliwa kusafiri. Tarehe 4 Mei kikafika kisiwa cha Mafia, nguvu zake zikiwa zimekwisha kupungua. Hata hivyo mvua zake zilitosha kuikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara mahali kadha wa kadha katika wilaya ya Kilwa. Daraja na makalavati yalichukuliwa na maji, na magari ya abiria na ya mizigo yakakwama njiani.

Ndugu zangu, pimeni miaka hii. Miaka 80, kisha miaka 72. Ni umri wa mtu mzima mpaka uzee wake. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1952, akiwa hai, amekwisha kupita miaka 80. Wazee wa namna hiyo ni wachache, na kila mwaka wapungua. Maana yake ni kwamba kila kimbunga kikubwa huja kwa watu wasiopata kukiona. Mafuriko ya kila miaka michache humfundisha mtu mwenyewe. Lakini jambo lijalo mara moja katika umri wa mtu haliwezi kumfundisha mtu mmoja. Litaufundisha mji tu, tena kama mji una kumbukumbu.

Sasa nieleze jinsi kimbunga kinavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hufa kwa kutojua mambo mawili.

La kwanza ni habari ya jicho. Katikati ya kimbunga pana mahali patulivu paitwapo jicho. Upande huu wa kusini ya Ikweta, pepo zake huzunguka kwa kufuata mshale wa saa. Basi kimbunga kikija moja kwa moja kutoka mashariki, upepo wa kwanza utatupiga kutoka kusini. Nyumba zitatikisika, kisha ghafula upepo utanyamaza na pengine mbingu itaonekana. Mtu asiyejua atatoka nje kutazama paa lake, au atashuka ufukoni kutafuta ngalawa yake. Baada ya muda upepo utarudi kwa nguvu zile zile, lakini sasa utatoka kaskazini, na kuuangusha ukuta uliokwisha kulegea upande wa pili. Kwa hiyo utulivu wa ghafula katikati ya tufani si ruhusa ya kutoka. Watu wakae ndani mpaka habari ije ya kwamba kimekwisha.

La pili ni habari ya bahari kujaa. Wengi hudhani ya kuwa kimbunga huua kwa upepo. Upepo huua, lakini maji huua zaidi. Upepo mkuu huisukuma bahari kuja nchi kavu, na ghuba ikiwa nyembamba maji hayana pa kutawanyika, hupanda tu. Kimbunga kikipita kaskazini yetu, upepo hutoka baharini kuja mjini. Hapo ndipo bahari itakapoinuka mbele yetu. Kikipita kusini yetu, upepo wa kwetu hutoka bara kwenda baharini, na kujaa kwa maji huwa kudogo. Tena hesabu ni hii: je, siku ile ni bamvua au maji mafu? Je, ni saa ya kujaa au ya kupwa? Mvuvi wa Lindi azijua hesabu hizi kuliko mimi. Nalitaka tu akumbuke ya kuwa hesabu ile aitumiayo kupeleka chombo chake ndiyo itakayomwambia kama mtaa wake utalala salama.

Baada ya vimbunga nije kwenye mvua, kwa maana mvua hazingoji miaka 80. Katika nchi yetu ya kusini mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mwezi wa Januari 2020 mvua kubwa zilinyesha katika mkoa wa Lindi, na hasa wilaya ya Kilwa mito ilifurika, vijiji vikazama, watu wakafa, na maelfu wakahama makao yao. Hapakuwa na kimbunga kilichoipiga pwani yetu siku hizo. Yalikuwa mawingu tu, na mito, na nyumba zilizojengwa mahali maji yanapopita.

Tena wataalamu wametupa sababu ya kuongeza uangalifu. Hewa ya dunia inazidi kupata joto, na kwa kila nyuzi moja ya joto hewa yaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvuke huo ukigeuka kuwa mvua, hushuka mwingi kwa mara moja. Kwa hiyo mfereji uliotosha zamani za babu zetu huenda usitoshe leo, hata kama mawingu yaonekana kuwa yale yale.

Sitaacha kutaja jambo moja lisilo la hewa, ila la bahari. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, mbali sana mashariki. Mawimbi yake yalisafiri saa nyingi yakafika hata pwani ya Tanzania, na watu wasiopungua 10 walikufa maji. Alama ya mambo hayo ni bahari kurudi nyuma au kupanda pasipo wakati wake. Mtu akiona maji yakipwa ghafula saa isiyo ya kupwa, asishuke kuokota samaki waliobaki mchangani. Apande kilimani mara moja, na awaite wenziwe.

Sasa nafika kwenye jambo lililo gumu, nalo si upepo wala maji. Ni kusadiki.

Mwezi wa Aprili 2019 ilitangazwa ya kuwa kimbunga Kenneth kinakuja upande wa Mtwara. Watu wa mabondeni waliambiwa wahame, shule na kazi zikafungwa. Tarehe 25 kikapiga jimbo la Cabo Delgado katika Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Kwetu watu wakarudi makwao, na wengine wakacheka. Mwezi wa Aprili 2021 ikatangazwa habari ya kimbunga Jobo. Nacho kikadhoofika kabla ya kufika pwani. Watu wakacheka tena. Wakasema, "Hawa wa hali ya hewa kazi yao kututisha."

Tusiwalaumu wacheke bure, bali tuwajibu kwa hoja. Kenneth hakikuwa uongo. Msumbiji waliokufa walikuwa zaidi ya 40, na miji ikabaki magofu. Mwezi mmoja tu kabla yake, Machi 2019, kimbunga Idai kilikuwa kimeipiga Beira, na katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi waliokufa walipita 1,000. Kati ya Cabo Delgado na Mtwara si safari ndefu kwa kitu kisafiricho baharini kwa siku nyingi. Njia yake ingalipinda kidogo, watu waliotakiwa kuhama Mtwara ndio wangalikuwa katika hesabu ile. Mtabiri hasemi, "Kitakuja kwako." Asema, "Njia yake yaweza kupita kwako." Mtu aliyefunga mlango usiku na mwizi asije, je, asubuhi yake atauvunja mlango kwa kuwa ulimsumbua bure?

Pamoja na hayo, tukubali ya kwamba kutii onyo kuna gharama. Mvuvi asipoingia baharini siku tatu, watoto wake watalala na njaa. Na ikiwa dhoruba haikuja, hakuna atakayemrudishia siku zake. Hasara ya kungoja huonekana mara moja, lakini faida ya kuokoka haionekani, kwa maana hakuna amwonaye maiti ambaye hakufa. Kwa hiyo si haki kumwambia mvuvi "Tii" peke yake. Kijiji chenye akiba ya pamoja, hata iwe ndogo, cha kuwasaidia wenye vyombo siku za onyo, kitapata watiifu wengi kuliko kijiji chenye maneno makali. Jambo hili naliweka mbele ya wenyeviti na vyama vya wavuvi walifikiri kwa uzito.

Maonyo yenyewe hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nayo yana daraja tatu: angalizo, ambalo rangi yake ni ya njano; tahadhari, ambayo rangi yake ni ya machungwa; na tahadhari kubwa, ambayo rangi yake ni nyekundu. Habari hizi hutangazwa katika redio na simu. Lakini wako wazee wasio na simu, wako vipofu na viziwi, na wako wavuvi waliolala dago mbali na mji. Onyo lisilomfika mtu ni sawa na onyo lisilotolewa. Basi kila mtaa uwe na mtu ajulikanaye kwa jina, ambaye kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba. Na ngoma au kengele ya shule, ambayo watoto wote waijua sauti yake, haihitaji umeme.

Kazi nyingine tuwezazo kuzifanya kwa mikono yetu ni hizi.

Kwanza, nyumba. Paa la pande nne hustahimili upepo kuliko paa la pande mbili. Mabati yapigiliwe karibu karibu pembeni, ambapo upepo huanza kuyainua, na boriti zifungwe kwa waya mpaka kwenye nguzo na ukuta, zisilazwe juu tu. Anayeezeka kwa makuti asifanye uvivu wa kamba. Na kabla ya yote aulize maji hupita wapi. Mvua ni ya Mungu, lakini kiwanja huchaguliwa na mtu.

Pili, mikoko. Mikoko ya ghuba na ya mlango wa mto huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Aikataye kwa kuni au boriti apata faida ya mwezi mmoja, na mtaa mzima wapoteza ukuta wake.

Tatu, mifereji. Isafishwe mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza. Mfereji uliozibwa kwa takataka hugeuka kuwa bwawa, na bwawa huingia nyumbani kwa jirani asiye na kosa.

Nne, maji ya kunywa. Mafuriko huingiza uchafu wa vyoo katika visima, na kipindupindu hufuata. Watu wengi waliookoka majini wamekufa kwa kikombe cha maji. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana meupe.

Tano, chakula na barabara. Mwaka 2024 tuliona jinsi barabara moja ikikatika mji mzima husimama. Basi nyumba yenye uwezo iweke akiba ya unga, chumvi, mafuta na dawa tangu Novemba mpaka Mei.

Sita, na hapa nasema hasa na walimu. Kila shule iwe na daftari la majira. Yaandikwe ndani yake tarehe mvua ilipoanza, siku mto ulipofurika, nyumba zilizoanguka, na mahali maji yalipofikia. Tena maji yakipanda, alama ipigwe ukutani kwa rangi, pamoja na mwaka. Alama ile itasema na watoto watakaozaliwa sisi tukiwa kaburini. Wanafunzi na watumwe kwa wazee waliobaki ambao waliuona mwaka 1952, wawaulize upepo ulitoka wapi kwanza, bahari ilifika wapi, na watu walikimbilia wapi. Kazi hii haingojei fedha wala amri. Inangoja kalamu moja, na inapaswa kufanywa upesi, kwa kuwa vitabu hivyo ni watu, na watu hawakai milele.

Wazee wangu na ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mji wetu ni usahaulifu. Hatujui mwaka ambao upepo mkuu utarudi. Huenda ni baada ya miaka 70, huenda ni majira haya yajayo. Lakini twajua miezi yake, twajua upande utokeako, twajua mabonde yatakayojaa na watu wakaao humo. Kwa mji kama huu, kujua huko ni mali. Kila mmoja akirudi kwake leo, na atazame jirani yake akaaye chini kabisa karibu na maji, ajiulize: usiku onyo likija, ni nani atakayemwamsha? Kama jibu halipo, basi kazi ya kwanza imekwisha kujulikana.